MBEGU YA DORIANI HAINGOJI GHALANI

(Mazungumzo ya kikundi chetu cha bustani mbele ya wahitimu wa kisomo, Unguja)



Leo tuzungumze juu ya doriani na shokishoki. Hapa Unguja na kule Pemba matunda haya tunayajua. Lakini miti yake si mingi kama miembe au minazi. Na kule bara wako watu wazima wengi ambao hawajayaonja hata siku moja.

Asili yake ni nchi za mashariki, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kama Malaysia na Indonesia. Doriani lina miba nje. Ndani lina nyama laini, tamu sana. Harufu yake ni kali. Huko Singapore ni marufuku kuingia nalo katika treni! Shokishoki ni jekundu, lina nywele laini. Ndani ni jeupe, lina maji, na utamu wenye ukali kidogo.

Sasa liko jambo. Miti mikubwa ya matunda inakatwa. Huyu anataka kiwanja, yule anataka mbao. Anasema, "Nitapanda mwingine baadaye." Je, atapanda mbegu gani?

Mbegu ya mahindi ukiikausha vizuri inakungoja mpaka mvua. Mbegu ya doriani ukiikausha, umeiua. Ya shokishoki ni vivyo hivyo. Ikikaa muda nje ya tunda, nguvu yake ya kuota hupungua haraka. Hakuna gunia wala debe la kuiwekea. Ghala la mbegu hizi ni mti wenyewe. Ukiukata kabla ya kuotesha miche, umechoma ghala.

Basi tufanyeje?

1. Msimu ukifika, onja kwanza. Chagua mti unaozaa sana, wenye matunda matamu. Usichukue mbegu ya tunda lolote tu.

2. Kula, osha mbegu, panda siku hiyo hiyo au kesho yake. Tumia kopo lililotobolewa chini. Tia udongo mzuri na samadi iliyooza.

3. Weka kivulini. Mwagilia, lakini maji yasituame.

4. Mche wa shokishoki uliotokana na mbegu waweza kuwa dume. Utatoa maua, hautazaa. Nawe utajua baada ya miaka 5 au zaidi, umekwisha kuulea! Dawa yake ni kubebesha. Unachukua kijicho cha mti unaozaa, unakifunga kwenye mche mchanga. Mwombeni bwana shamba au bibi shamba awaonyeshe kwa mikono, kwani kwa maneno matupu haifahamiki.

5. Mdoriani wa mbegu hukaa miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa. Usikae bure. Panda migomba kando yake. Migomba itakupa ndizi, na mche utapata kivuli.

Mwisho, tumieni kalamu mliyojifunza kuishika. Andikeni katika daftari: mbegu imetoka mti gani, tunda lake lilikuwa na ladha gani, imepandwa tarehe ngapi. Watoto wenu watakaposimama chini ya mti huo, watajua umetoka wapi.

Na mwenye shoka mkononi leo, tunamwomba angoje msimu mmoja. Aoteshe miche kwanza.