Gari Kuukuu la Dizeli na Hesabu Yake ya Mwaka

Hotuba ya afisa wa usalama barabarani kwa wenye magari, madereva na mafundi wa mpakani Busia



Nimetakiwa nizungumze juu ya ukaguzi wa magari. Nitaanzia mfukoni, kwa kuwa magari mengi tunayoyasimamisha yana ubovu ambao mwenyewe anaujua vema, ila hakutenga fedha ya kuutengeneza. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Lakini yaliyokwisha kuingia yangali kazini, na hapa Busia ndiyo yanayobeba watu na mizigo ya soko: Hiace, Hilux na Land Cruiser za dizeli, nyingine zikiwa na umri kuliko makondakta wake. Sina ugomvi na umri. Gari la miaka 25 laweza kuwa salama, mradi mwenyewe akubali kwamba lina gharama yake kila mwaka, alipende asilipende.

Bei za Busia si za Mbale, na shilingi ya Kenya si shilingi ya Uganda. Kwa hiyo nitahesabu kwa kilomita na lita, nanyi mtatia bei za kwenu. Tuchukue Hiace yenye injini ya 3L au 5L, iendayo Kampala na kurudi mara mbili kwa wiki. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 400. Mwaka ukiisha, imekwenda takriban kilomita 40,000.

Injini hiyo hunywa karibu lita 6 za oili. Ukibadilisha kila kilomita 5,000, ni mara 8 kwa mwaka: lita 48 na filta 8 za oili. Filta ya dizeli ibadilishwe kila kilomita 10,000, yaani mara 4, na mapema zaidi kama mafuta yana mashaka. Filta ya hewa hupulizwa mara kwa mara wakati wa vumbi, kisha hutupwa. Tairi nne hufika mwisho wake karibu kila mwaka kwa mwendo huo. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, yaani baada ya miaka miwili na nusu. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu mwaka huu mkanda haudai kitu. Mwenye akili hutenga sehemu mbili kwa tano za bei yake kila mwaka, maana ukikatika gari likiwa mbioni, pistoni hugonga valvu, na matengenezo ya kilele cha injini humeza bei ya mikanda mingi.

Jumlisheni hayo kwa bei za dukani kwenu, mgawe kwa siku za kazi. Mtapata kiasi ambacho gari lapaswa kuweka kando kila siku kabla mtu yeyote hajaita fedha ile faida.

Sasa nije kwenye dizeli yenyewe, maana hapa mpakani ndiko hesabu hiyo inakovurugwa. Gari tulilolitaja, likienda kilomita 10 kwa lita, litakunywa lita 4,000 kwa mwaka. Akitokea mtu na madumu uchochoroni, akakupunguzia shilingi 300 za Uganda kwa kila lita, umebakiza shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Sitawadanganya kwamba ni fedha ndogo. Lakini tazameni kilichomo ndani ya dumu.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto mkali, kisha pampu husukuma dizeli kwa nguvu kubwa kupitia nozeli, nayo ikawaka yenyewe. Katika injini hizi za Toyota tunazozizungumzia, pampu hiyo haina oili ya kwake. Hulainishwa na dizeli ile ile ipitayo ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi kama dizeli, na mchanganyiko wake husaga chuma kwa chuma kimyakimya. Maji yaliyoingia kwenye dumu nayo huleta kutu. Dalili huja polepole: gari linachelewa kuwaka asubuhi, linatoa moshi, linakosa nguvu mlimani. Mwishowe fundi anafungua pampu na nozeli nne, na gari linakaa gereji siku kadhaa bila kuingiza hata senti. Mwulizeni fundi wenu wa pampu bei ya kazi hiyo, muiweke kando ya ile 1,200,000, na msisahau siku ambazo gari lililala.

Serikali zetu zinalijua jambo hili. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi kukomesha uchanganyaji. Kwetu Uganda, Wizara ya Nishati na Shirika la Viwango hutia alama maalumu ndani ya mafuta halali, na wakaguzi huyapima vituoni ili kuyatambua yaliyochanganywa au kuingizwa kwa magendo. Anayeuza kwenye madumu amekwepa kipimo hicho. Na anayeyahifadhi chumbani, karibu na jiko na watoto wamelalia mkeka, huyo namwombea aamke salama. Tutazungumza naye siku yake.

Lakini sikuja hapa kutetea pampu zenu. Nimekuja kwa sababu ya breki.

Pampu ikifa, gari linasimama. Haliwezi kutoka stendi, kwa hiyo mwenyewe hutafuta fedha hata kwa kukopa. Lainingi zikiisha, gari bado linakwenda. Linabeba abiria 14, linaleta hesabu ya jioni, na dereva anakanyaga pedali mara mbili badala ya moja. Hivyo mfuko ukiwa mmoja na mdogo, fedha huenda kwanza kwa kitu kinachozuia gari kuondoka, na kile kinacholiwezesha kusimama hungoja wiki ijayo. Nimeona jambo hili mara nyingi mno kuliita bahati mbaya. Ndiyo sababu gari la dizeli linalotoa moshi mweusi tukilisimamisha, tunainama kutazama magurudumu na mabomba ya breki. Moshi ule hutuambia kwamba mwenyewe yumo katika shida ya fedha, na shida hiyo mara nyingi imekwisha kufika kwenye breki.

Tena breki za magari haya zina jambo lake. Nguvu inayousaidia mguu wa dereva hutoka kwenye pampu ndogo ya kunyonya hewa, ambayo katika Hiace na Hilux nyingi za dizeli imefungwa nyuma ya alteneta na huzungushwa na injini. Pampu hiyo ikichakaa, au bomba lake likipasuka, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na injini ikizimwa, haifanyi kazi kabisa. Wapo madereva wanaoteremka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale wakiwa wameweka gia huru, na wengine huzima injini, ati wanabana dizeli. Huyo amejiondolea msaada wa gia, na baada ya kukanyaga mara mbili tatu hana tena msaada wa breki. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi yamenyonya unyevu, nayo yakipata joto la mteremko huchemka, pedali ikazama hadi sakafuni. Chupa moja ya mafuta hayo ni bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili. Yabadilisheni kila baada ya miaka miwili, na pedi na lainingi zikaguliwe kila mnapobadilisha filta ya dizeli, gurudumu likiwa limefunguliwa.

Nani alipe? Hili ndilo swali ambalo huzua maneno kila ninapolitaja. Mwenye gari husema dereva ndiye anayelichakaza. Dereva husema akipeleka hesabu pungufu kwa sababu ya pedi, kesho ufunguo anapewa mwingine. Kwa maoni yangu mwenye gari ndiye wa kutenga fedha, naye dereva awe na haki ya kukataa kuliondoa gari lenye breki mbovu bila kupoteza kazi yake. Andikianeni karatasi, ukurasa mmoja watosha: kiasi gani kinawekwa kando kila siku, kinatunzwa na nani, na siku gani ya mwezi gari halifanyi kazi ila gereji. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Karatasi hiyo haimwondolei dereva wajibu wake mbele ya sheria, kwa maana aliyeshika usukani wa gari bovu ndiye tutakayeanza naye. Lakini itatuonyesha kama alikuwa peke yake katika kosa.

Neno moja juu ya spea. Kununua injini au pampu iliyotumika si kosa. Ila namba ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na ukifunga injini nyingine bila karatasi ya muuzaji na bila kusajili mabadiliko, umejiweka mahali pabaya siku tutakapolinganisha. Injini ya bei rahisi isiyo na karatasi huenda ina mwenyewe anayeilia Tororo au Bungoma. Vilevile bima ya mtu wa tatu na kadi ya njano ya COMESA kwa wanaovuka mpaka ziingie katika hesabu ya mwaka, zisiwe jambo la kukimbilia asubuhi mkiona kizuizi mbele.

Akina mama wa soko, nanyi mna sauti. Ninyi ndio mnaopanda na magunia. Mkiona dereva anakanyaga breki mara mbili mbili kwenye tambarare, mwulizeni, na asipojibu shukeni, kisha mtupe namba ya gari. Hatutamwambia ni nani aliyesema.

Mafundi wawili wamekubali kukaa nasi mpaka saa kumi jioni. Wenye magari yaliyoegeshwa uwanjani wafungue boneti, waweke jeki na mawe nyuma ya magurudumu. Leo hatuandiki faini kwa gari lolote lililoletwa hapa kwa hiari. Tutaanza na Hiace zilizo upande wa mwembe.