Kofia Isiyoanguka

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na kina mama wafumaji wa Obunga

Wale vijana wawili wanaojificha nyuma ya mlango wakidhani sijawaona, nimewaona.

Mmezoea kuniona Obunga nikiwa na kamera, nikipiga picha mitaro ikifunguliwa na viongozi wakikata utepe. Leo nimekuja na mfuko wa uzi. Sikuja kutangaza mradi wala bajeti, na nalisema hilo mapema ili mtu asirudi nyumbani akinidai ahadi nisiyoitoa. Mwenyekiti wenu alisikia kwamba niliwahi kuihitaji kofia ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akaniambia, "Basi njoo uwaeleze wenzako, kisha ufume pamoja nasi." Nimekuja kwa yote mawili.

Binti yangu sasa yuko gredi ya pili na anabishana nami kila asubuhi kuhusu soksi. Alizaliwa wiki ya 32, akiwa na uzito wa kilo 1.6. Mama yangu aliposikia, hakulia. Alikaa chini akafuma usiku kucha, na asubuhi akafika wodini na kofia ya manjano, nzuri sana. Tulipomvisha mtoto, ikashuka hadi kidevuni. Dani alikuwa amefuma kofia ya mtoto aliyetimiza miezi, kwa sababu hiyo ndiyo mikono yake iliyoijua. Muuguzi akatabasamu, akaomba soksi safi ya baba wa mtoto, akaikata kwa makasi, akafunga fundo upande mmoja. Siku tatu za kwanza binti yangu alivaa soksi kichwani. Kofia ya manjano ninayo hadi leo, na ndiyo hii. Ipitisheni muione.

Sasa swali mliloniuliza nikiingia: Kisumu na joto lote hili, kofia ya nini?

Mtoto mchanga anatakiwa awe na joto la mwili kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, anaanza kutumia nguvu zake kujipasha joto badala ya kukua, na akipoa zaidi hata kunyonya kunamshinda. Ametoka tumboni, mahali penye nyuzi 37, akiwa amelowa. Chumba chenye nyuzi 25, ambacho mimi na wewe tungekaa ndani yake tukijipepea, kwake ni baridi. Aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37 ana shida zaidi, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini ya ngozi ni kidogo mno, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na kiwiliwili. Joto jingi humtoka kupitia kichwani.

Dawa kubwa ya hali hiyo ni kifua cha mama. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi na mashine chache za kuwapasha joto, akaanza kuwaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Ndiyo njia tunayoiita ya kangaruu. Mimi nimesomea uandishi wa habari, na tulifunzwa kuuliza nambari imetoka wapi kabla ya kuitangaza, kwa hiyo hii nimeiuliza. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto 3,211 nchini Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania, wote waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kati ya waliobebwa kifuani mara tu walipozaliwa, asilimia 12.0 walifariki katika siku 28 za kwanza. Kati ya waliosubiri kwanza hali yao itulie, asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuwanyima wengine njia hiyo.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kofia yetu ndiyo inayomwokoa mtoto. Kinachomwokoa ni kifua cha mama, maziwa, na wahudumu walio macho. Lakini mtoto akilazwa kifuani akiwa na nepi na soksi tu, kichwa ndicho kinachobaki nje. Hapo ndipo kofia inapohitajika, na inahitajika itoshe. Ikiwa kubwa, inashuka machoni na puani, au inaanguka kitandani wakati mama amesinzia. Ikibana, inaacha alama kwenye ngozi. Sababu ya kujifunza mambo magumu leo ndiyo hiyo.

Wengi wenu mliosoma katika mfumo wa 8-4-4 mlifuma katika somo la sayansi kimu. Mnaijua mishono miwili, wa mbele na wa nyuma, ambayo mwalimu aliiita pleni na pali. Wengine mlijifunzia kwenye spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Mlifuma kipande bapa, mkakikunja, mkashona ubavuni. Skafu hutoka vizuri hivyo. Kwa kofia ya mtoto huyu, ule mshono wa ubavuni ni tatizo. Kifuani mtoto hulala kichwa kimegeuzwa upande mmoja, na mshono ukiwa chini ya sikio lake kwa saa nane, utauona umejichora kwenye ngozi. Kwa hiyo tunafuma mviringo, bila mshono, kwa sindano tano zenye ncha pande zote mbili. Nne zinashika vitanzi, ya tano inafanya kazi.

Mara ya kwanza nilipozishika nilihisi nimebeba nungunungu. Sindano mbili zilianguka, vitanzi vikachomoka, nikatamka maneno ambayo hayawezi kuchapishwa kwenye jarida la serikali. Niliyekuwa sijaambiwa ni kwamba huna haja ya kuzitazama zote tano. Unafanya kazi na mbili tu, zile zilizo mkononi sasa hivi, na nyingine zinaning'inia zikisubiri. Mambo mawili ndiyo huharibu. La kwanza ni pale unapounganisha mviringo: hakikisha ukingo wa vitanzi vyote unatazama chini. Kama umejisokota hata mara moja, utafuma saa nzima na utapata kitu kama mkanda uliopinda, na hakuna dawa ila kufumua. La pili ni pale unapotoka sindano moja kwenda nyingine. Kitanzi cha kwanza kivute kwa nguvu kidogo, la sivyo patatokea mstari wa matundu kama ngazi, na upepo unapita hapo.

Kofia ya mtoto wa wiki ya 32 tunaianzisha kwa vitanzi 56, kumi na vinne kwa kila sindano. Kichwa chake kina mzunguko wa karibu sentimita 29. Wa wiki ya 28 ni karibu sentimita 26, na aliyetimiza miezi ni karibu 35, ndiyo maana kofia ya dani ilimfika kidevuni. Ukingo ni mbele viwili, nyuma viwili, ili unyumbuke, urefu wa sentimita tatu. Kisha mbele tupu mpaka kofia yote ifike sentimita tisa. Halafu ndipo panapoogopwa, utosi. Fuma vitanzi vitano, unganisha viwili kuwa kimoja, rudia hivyo hadi umalize mzunguko. Vinabaki 48. Mzunguko unaofuata usipunguze kitu. Kisha fuma vinne, unganisha viwili, vinabaki 40. Endelea hivyo, mzunguko wa kupunguza na mzunguko wa kupumzika, mpaka vibaki vinane. Kata uzi, upitishe ndani ya vyote vinane, vuta, funga kwa ndani. Msipige fundo kubwa juu. Msiweke kishada, kifungo wala utepe, hata kama mtoto ni wa kike na roho inawasukuma.

Lakini hesabu ya 56 ni ya kweli tu kama mkono wako unatoa vitanzi 22 katika sentimita 10. Hili ndilo jambo ambalo wafumaji wengi wazuri hulipuuza, na wavuvi hawalipuuzi kamwe. Wale vijana wawili nyuma ya mlango, nimeambiwa mnashona nyavu Dunga. Wavu wa mbuta una kipimo chake cha jicho, na huwezi kumwambia afisa wa uvuvi kwamba mkono wako tu ndio mwepesi. Mnapima kila jicho. Na sisi tupime. Fuma kwanza kipande kidogo cha majaribio, weka rula, hesabu. Mkono mlegevu unaotoa vitanzi 18 katika sentimita 10 utafanya 56 ziwe kofia ya sentimita 31, na itaanguka. Spoki ni nyembamba, karibu milimita 2. Anayezitumia na uzi mwembamba anaweza kupata 30, na kofia yake ya 56 itamtosha mdoli. Huyo aanze na 80. Tunatafuta mzunguko wa sentimita 25 hadi 27 ambao utatanuka kidogo ukivaliwa. Nambari zigawanyike kwa nane, basi utosi utakubali. Vijana, karibuni mbele. Mkifundisha meza hii kupima, kazi imefika nusu.

Kuhusu kufuma pamoja. Wazee wetu walikuwa na saga: shamba moja leo, wote wanalima, kesho shamba la jirani. Ninyi mna nyoluoro zenu za pesa na hamhitaji kufunzwa na mtu wa ofisini jinsi kikundi kinavyokwenda. Ninaomba jambo moja tu. Tusifume kila mtu kivyake halafu tukusanye. Jumamosi hii sote tunafuma ukingo, na hakuna anayeendelea zaidi ya hapo, hata fundi. Aliyemaliza mapema anahesabu vitanzi vya jirani yake. Jumamosi ijayo tunapanda sentimita tisa. Ya tatu ni utosi, tukiwa wote hapa, kwa sababu utosi ndipo watu huachia kazi njiani na kuitupa chini ya kitanda. Kuona mwenzako amefumua mara mbili na bado anacheka kunasaidia kuliko karatasi yoyote ya maelekezo niliyoichapisha. Na kufumua si aibu. Leo asubuhi nilifumua utosi mzima.

Siku ya kimataifa ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati ni Novemba 17. Tukipenda, tuilenge. Lakini kabla ya kubeba hata kofia moja kwenda hospitali yoyote, iwe ile ya Jaramogi ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, au kituo cha afya kilicho karibu, mwenyekiti aende kwanza akamuulize muuguzi msimamizi wa wodi ya watoto wachanga wanahitaji vipimo gani na wanapokea vipi. Wao ndio wanaojua. Wakisema wanataka za wiki ya 28 tu, tutapunguza vitanzi, hatutabishana.

Na la mwisho linahusu nyumba zetu. Wengi hapa mnakaanga mgongo wazi. Moshi na mafuta ya samaki huingia kwenye uzi na havitoki kirahisi, na uzi wa viwandani ukikaribia moto huyeyuka. Wekeni kazi kwenye mfuko wa plastiki au ndoo yenye kifuniko, nawa mikono kabla ya kuishika. Uzi wa pamba ni bora ukipatikana, kwa kuwa unastahimili kufuliwa kwa maji moto. Kofia zote zitafuliwa na kuanikwa juani siku moja kabla ya kupelekwa.

Soksi ya baba yake, kwa wanaouliza, hakuwahi kurudishiwa. Haya, toeni sindano. Vitanzi 56, na msiunganishe mviringo mpaka jirani yako ahesabu.