Simu Janja kama Njia ya Akiba ya Mtandao kwa Kipimajoto cha Jokofu la Dawa

Mada iliyotolewa kwa wasimamizi wa zahanati na wamiliki wa maduka ya dawa



Tumechagua kuzungumza nanyi juu ya swali moja: mtandao wa kawaida unapokatika, je, simu janja iliyo mfukoni inaweza kushika nafasi yake ili kipimajoto cha jokofu kiendelee kutoa taarifa? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa muda tu, na kwa sharti kwamba simu hiyo ipo mahali lilipo jokofu.

Tuanze na kilicho hatarini. Chanjo nyingi, pamoja na insulini ambayo haijaanza kutumika, hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B na zile zenye kinga ya pepopunda huharibika zikiganda. Chupa iliyoharibika yaweza kuonekana sawa na nyingine, na mgonjwa akaipokea bila kujua kwamba haitamkinga.

Ndiyo maana wengi wenu mmenunua vipimajoto vinavyotuma taarifa. Kifaa hupima joto kila baada ya dakika chache, hupeleka taarifa kwa waifai hadi kwenye seva ya mtoa huduma, na joto likivuka mpaka, seva humtumia msimamizi ujumbe wa onyo. Mnyororo huu ukikatika mahali popote, onyo halifiki. Msimamizi aliye nyumbani hulala akiamini kuwa mambo ni shwari, kumbe kifaa kimenyamaza tu. Tunawaomba mkumbuke hili kuliko yote tutakayosema: ukimya wa kifaa si uthibitisho wa usalama.

Sasa tuitazame simu. Hotspoti huigeuza simu kuwa ruta ndogo inayogawa data ya laini yenu kwa vifaa vilivyo karibu. Kwa kuwa vipimajoto vingi havina kioo cha kuandikia, kuvihamishia kwenye mtandao mwingine huwa kazi ngumu. Njia rahisi ni kuipa hotspoti jina lilelile na nywila ileile ya waifai ya ofisi, pamoja na aina ileile ya usalama. Ruta ikizimika na hotspoti ikawashwa, kifaa hukuta jina kinalolijua na kwa kawaida hujiunga chenyewe. Ruta ikirejea, zimeni hotspoti, ili mitandao miwili yenye jina moja isifanye kazi kwa wakati mmoja.

Yapo mambo manne ambayo huwakwaza watumiaji.

Kwanza, masafa. Vipimajoto vingi hupokea masafa ya gigahezi 2.4 pekee, ilhali simu mpya zaweza kurusha gigahezi 5. Kifaa hakitauona mtandao huo kamwe. Chagueni gigahezi 2.4 kwenye mipangilio ya hotspoti.

Pili, simu nyingi huzima hotspoti zenyewe baada ya dakika kadhaa bila kifaa kilichounganishwa, ili kuokoa betri. Ondoeni mpangilio huo na muiache simu kwenye chaji.

Tatu, kifurushi. Kipimajoto hutumia data kidogo mno: kikituma taarifa ya kilobaiti 10 kila baada ya dakika 5, kwa siku nzima hakifiki megabaiti 3. Kamera ya ulinzi ni habari nyingine. Ikirusha picha kwa megabiti 1 kwa sekunde, humaliza megabaiti 450 kwa saa, yaani zaidi ya gigabaiti 10 kwa siku. Unganisheni kipimajoto peke yake, na nywila msiigawe kwa wateja.

Nne, umeme. Mara nyingi ruta huzimika kwa sababu umeme umekatika, na saa hiyo ndiyo jokofu nalo huanza kupata joto. Ikiwa kipimajoto chenyewe hakina betri, hotspoti haitakuwa na cha kuunganisha. Minara ya simu nayo huendeshwa kwa betri au jenereta pale umeme unapokosekana, na akiba hiyo ina kikomo.

Lipo pia pengo ambalo mpangilio wa simu hauwezi kuliziba. Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Ruta ya ofisi na laini ya simu zaweza kuwa za kampuni mbili tofauti, lakini zote zikategemea mkongo mmoja. Kwa hiyo kifaa kizuri ni kile kinachohifadhi vipimo ndani yake na kupiga king'ora palepale kilipo, hata kama hakuna mtandao wowote.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa wa hotspoti ni kwamba simu hutoka na mwenyewe. Jioni mnapofunga mlango, njia ya akiba nayo huondoka. Mahali pasipokuwa na mlinzi wa jokofu usiku, tunashauri ruta ndogo yenye laini yake na betri yake, au simu ya zamani iliyosajiliwa laini kwa utaratibu halali, ikaachwa hapo kwenye chaji.

Kabla ya kununua kipimajoto, muulizeni muuzaji mambo matatu. Je, seva hutoa onyo kifaa kinaponyamaza, au hutoa onyo la joto pekee? Je, vipimo vilivyokusanywa wakati wa kukatika hutumwa baadaye? Je, betri hudumu saa ngapi? Majibu yaandikwe. Huduma ya mtandao mliyolipia ikikatika mara kwa mara, andikeni tarehe na saa, mpeleke malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, na asipowaridhisha mlete kwetu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mtandao huoza isipojaribiwa. Basi mara moja kila mwezi, mchana, mkiwa mmesimama mbele ya jokofu, zimeni ruta, washeni hotspoti, na msubiri hadi muone taarifa mpya imefika. Kisha zimeni na hotspoti, muone kama onyo la ukimya linakuja. Lisipokuja, mtakuwa mmelijua pengo hilo mchana, jokofu likiwa zima na chanjo zikiwa salama.