Maji yanayotoka chini

Maneno ya fundi masoni, mwanamemba wa chama chetu, mbele ya mkutano mkuu kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema. Tumetoa tu maswali ya watu.



Nimeombwa niseme juu ya unyevu katika nyumba. Mimi ni mtu wa mwiko na kamba, si mtu wa mikrofoni. Basi nitaanza na nyumba yangu mwenyewe, maana ubaya wake ninaujua kuliko ubaya wa nyumba zenu.

Tulivuka ziwa na meli kutoka Kigoma, tukashuka Baraka na bashi, sufuria, na watoto ambao hawakuwa wamewahi kuona kwao. Mvua ilikuwa karibu. Nilifyatua matofali mabichi kwenye udongo wa parseli ileile, nikajenga juu ya ardhi tupu. Sikuweka hata jiwe moja chini. Nilikuwa fundi tayari, nilijua. Lakini nilikuwa na haraka, na zaidi nilikuwa na mazoea ya kambi. Ninyi muliokaa Lugufu na Nyarugusu munanielewa. Nani alichimba fondasio kule? Kila mwaka tulisema mwaka ujao tunarudi. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, na wako watu waliozaliwa pale wakazalia palepale, bado wamo ndani ya nyumba ya mtu wa kupita. Tuliporudi huku, mikono ilijenga vile ilivyozoea.

Mwaka wa pili, ukuta ukawa mweusi chini, kuanzia ardhini mpaka kwenye goti. Kiangazi kilipofika, pale paliacha unga mweupe kama chumvi, na tofali likawa linamomonyoka ukiligusa. Nikasema dawa ni simenti. Niliuza mbuzi, nikanunua simenti, nikakrepisa nje kuzunguka nyumba yote, kimo cha metre moja. Kule Tanzania tulisema kupiga lipu. Ikapendeza kabisa! Watu wakaja kuuliza ni nani fundi, na majirani 4 wakanipa kazi niwafanyie vilevile. Nikawafanyia, nikalipwa.

Mvua ya mwaka wa tatu, mama watoto akaniita chumbani. Alikuwa amesogeza kitanda ili afagie. Nyuma ya kitanda ukuta ulikuwa na kuvu, ule weusi-weusi wenye harufu ya gunia bovu, mpaka juu ya kichwa cha kitanda. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa anakohoa tangu Krismasi na sisi tulikuwa tunasema ni baridi ya ziwa. Nikatoka nje, nikagonga ile simenti kwa kidole. Ikalia kama ngoma. Nikabandua kipande: nyuma yake matofali yalikuwa laini kama ugali. Nilipanga kushughulika baada ya mvua. Mvua haikunisubiri. Usiku mmoja wa mwezi wa nne kona yote ikaanguka. Kwa neema ya Mungu tulikuwa upande wa pili. Alikufa kuku.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea na ninyi wengi munataka kukosea.

Munajua koroboi. Mafuta yako chini, moto uko juu, na hakuna anayeyapandisha: utambi ndio unayavuta. Tofali la udongo ni utambi. Likikaa juu ya ardhi yenye maji, linavuta. Hata tofali la kuchoma linavuta, msidanganyike na rangi yake. Wakati ukuta haujafunikwa, maji yanapanda kidogo, upepo na jua vinayakausha, yanapanda tena. Ukuta unaharibika polepole. Mimi nilipoweka simenti nje, nilifunga mlango wa kutokea maji. Chanzo sikukifunga. Maji yakapanda juu zaidi kutafuta njia nyingine, yakatokea ndani, kule tunakolala. Na kwa sababu nje ilikuwa imependeza, hakuna aliyeona ukuta unaoza.

Nilirudi kwa wale majirani 4. Watatu walinikubalia, nikabandua simenti yangu bila malipo, tukapaka udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwa. Wa nne alikataa. Alisema amelipia simenti na simenti itabaki.

Na mambo yamekuwa magumu zaidi. Munakumbuka Uvira mwezi wa nne 2020, Mulongwe ilivyobeba nyumba. Munakumbuka ziwa lilivyopanda 2021, na tena 2024. Wengi wetu tunahesabu tu nyumba zilizoingiwa na maji. Lakini ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi kando yake yanapanda pia. Wenye visima vifupi waliona. Nyumba ambayo haikuingiwa hata na tone moja ilianza kunywa kutoka chini.

Anayejenga upya, naomba achimbe mpaka kwenye udongo mgumu, apange mawe, ayapandishe juu ya ardhi sentimetre 40 hivi, na mahali penye maji mengi apandishe zaidi. Simenti iende hapo, kati ya mawe. Juu ya mawe, kabla ya tofali la kwanza, alaze plastiki nzito, mikunjo miwili, upana wote wa ukuta. Hiyo ndiyo inakata utambi. Isipindwe kupanda ukutani, maana itakuwa beseni la kuhifadhi maji ya mvua. Mabati (wengine munasema manjanja) yapite ukuta kwa sentimetre 60. Ninajua mabati ni bei, na kila mtu anataka yafunike chumba kimoja zaidi. Ukipunguza pale, ukuta ndio utalipa.

Mwenye nyumba iliyokwisha kusimama asikate tamaa. Kwanza tembea kuizunguka wakati mvua inanyesha, uone maji yanakwenda wapi. Mara nyingi ugonjwa uko wazi: bafu limeegemea ukuta wa chumba, maji ya vyombo yanamwagwa palepale kila siku, au udongo wa taka umelundikwa mpaka nje kuko juu kuliko ndani. Ondoa. Teremsha ardhi ielekee mbali na nyumba. Chimba mfereji, lakini uwe hatua nzima kutoka ukutani, na wenye mteremko wa kutoa maji. Mtu akichimba shimo refu chini ya ukuta usio na fondasio, anaiangusha nyumba kwa jembe lake mwenyewe. Matofali yaliyooza chini yanabadilishwa kiangazi, kipande kifupi, kisha kingine mbali kidogo, na paa limeshikiliwa kwa miti. Kazi hiyo usiifanye peke yako.

Sasa iko jambo jipya. Kando ya ziwa, baada ya maji ya 2024, wako ndugu waliojenga nyumba za mbao juu ya mawe, sakafu ya mbao ikiwa juu ya ardhi kadiri ya mkono mmoja. Ni akili nzuri, ninaisifu. Lakini waliona baridi inaingia chini, wakaogopa nyoka, na watoto walikuwa wanapoteza vijiko kwenye nafasi ile. Wakaziba pande zote kwa mbao na udongo. Juzi niliitwa kwa mmoja wao: mguu wa kitanda ulikuwa umetoboa sakafu. Nikaingiza tochi chini. Mbao ni nyeusi, na uyoga umeota. Unaweza kuucheka, lakini mama wa pale alikuwa ametoka kituo cha afya mara mbili na mtoto wa kifua.

Ile nafasi chini ya sakafu lazima ipumue. Acha matundu pande mbili zinazotazamana, upande wa ziwa na upande wa mlima, maana mchana upepo unatoka ziwani na usiku unashuka kutoka mlimani. Weka wavu wa chuma kwenye matundu, nyoka na panya watabaki nje. Chini, ardhi iwe juu kidogo kuliko ya nje ili maji yasikae. Juu ya ardhi hiyo tandika plastiki, kipande kipande kikipandana kwa sentimetre 30, uilalie mawe. Mvuke wa udongo utabaki chini ya plastiki badala ya kupanda kwenye mbao. Nguzo zikae juu ya mawe, zisizikwe. Na usiweke chini ya sakafu makaa, kuni, wala nyavu mbichi. Mara moja kwa mwezi piga tochi, chomeka msumari kwenye mbao. Ukiingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha, badilisha hiyo mbao mapema.

Juu ya kuvu yenyewe, mama muuguzi wetu atasema vizuri kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na kuvu ndani ya nyumba, na linasema wazi kwamba vinaleta kukohoa na kuzidisha pumu. Mimi ninaongeza mambo mawili tu. Usikwangue kuvu kavu kwa ufagio, unaipeperusha ndani ya kifua chako. Osha kwa maji na sabuni, ukifunga kitambaa puani, kisha fungua dirisha pakauke. Na ukiosha bila kukata maji yanayotoka chini, baada ya wiki chache utaosha tena. Mahindi na maharagwe nayo yawe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yenye kuvu yana sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi.

Sasa nifike pale ambapo najua nitaudhi watu. Kwenye bajeti mumeandika mifuko 3 ya simenti kwa kila nyumba ya mjane, kwa ajili ya kukrepisa kuta kabla ya mvua. Mimi ni fundi, kazi hiyo ingenipa chakula mpaka mwisho wa mwaka. Ninasema hapana. Kuta zile ni za matofali mabichi juu ya ardhi tupu. Munakwenda kufanya kwa nyumba zote kosa nililolifanya kwa 5.

Ndugu wafadhili, ninajua picha. Ukuta mweupe unapendeza kwenye ripoti, na mawe yaliyo chini ya ardhi hayapigwi picha. Mwaka mmoja shirika lilituletea mabati na milango, na fundi aliyeuliza juu ya fondasio aliambiwa haimo katika mradi. Tulishukuru kwa mabati, na mabati bado mazima. Nyumba 2 kati ya zile yalibaki mabati tu.

Ninaomba pesa ileile, si zaidi. Iende kwenye gari la kuleta mawe, mchanga, plastiki nzito, na simenti kidogo ya kuunganisha. Mikono tutatoa sisi, kwa salongo. Nyumba zitakazotengenezwa zitakuwa chache kuliko mulivyoandika, na hilo nimelisema hapa mbele ya wajane wenyewe ili asije mtu kusema nilificha.

Yule jirani wa nne yuko hapa, amekaa karibu na mlango. Leo asubuhi alinisimamisha njiani, akaniambia nije na nyundo. Jumamosi saa moja tunaanza kwake. Wenye majembe waje nayo, na bamama watusaidie beseni za kubebea udongo.