Pampu Inanguruma, Maji Hayaji

Kila kiangazi wanaomwagilia nyanya na vitunguu kwa pampu ya injini hutuletea malalamiko yale yale: injini inanguruma, petroli inaisha, maji hayaji. Fundi anaitwa, anaifungua injini, kumbe ni nzima kabisa.

Pampu haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Kazi yake ni kuondoa hewa ndani ya mpira. Kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa ya nje inayoukandamiza uso wa mto. Naam, hewa ina uzito: usawa wa bahari, kila sentimeta moja ya mraba hubeba karibu kilo moja. Chovya mrija wa soda majini, uzibe juu kwa kidole, uunyanyue. Maji hayadondoki, kwa kuwa hewa inayasukuma kutoka chini.

Lakini nguvu hiyo ina kikomo. Pwani, hewa huinua maji meta 10 hivi tu, hata ununue injini kubwa namna gani. Njombe, karibu meta 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na kikomo ni kama meta 8. Tena hiyo ni hesabu ya pampu isiyo na kasoro, ambayo dukani haipo. Pwani usitegemee kupita meta 6 au 7, milimani, 5.

Basi kama shamba liko juu, injini isikae shambani. Ishushe karibu na maji. Kuyasukuma maji kutoka hapo kwenda juu ni shauri jingine: hiyo ni nguvu ya injini, si ya hewa, na pampu nyingi hupita meta 20.

Mpira wa upande wa mto uwe mgumu. Ule laini hubanwa na hewa ukalala kama utumbo mtupu. Kaza viungio, maana tundu la sindano tu linatosha kuingiza hewa. Ukishuku kiungio, kipake grisi nzito. Maji yakianza kuja, ubovu ulikuwa hapo. Na kabla ya kuwasha, jaza maji kwenye pampu na mpira wake.

Jioni ipandisheni injini juu ya ukingo. Mvua ya milimani hujaza mto usiku, na huku kwenu halijadondoka hata tone.