Tofali la Tanuri na Maji ya Bwaise

Anayenunua matofali ya tanuri huuliza kwanza yanahimili nyuzi ngapi za joto. Hoja yangu ni kwamba swali hilo, likiulizwa peke yake, hupoteza fedha. Tofali huharibiwa na joto tupu mara chache. Mara nyingi huliwa na kile kinachogusana nalo. Katika tanuri la saruji, kama lile la Hima, mzigo hufikia nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi nao umejaa chokaa. Ukuta wa udongo ungeungana na chokaa hiyo ukayeyuka, hivyo sehemu ya moto mkali hujengwa kwa matofali ya magnesia, yaani oksidi ya magnesi. Matanuri ya kutengenezea chuma cha pua huyatumia kwa sababu iyo hiyo, maana mavi ya chuma yake yana chokaa. Tofali la silika nalo hubeba uzito bila kulegea hata likikaribia kuyeyuka, ndiyo maana limesifika kwenye mapaa ya matanuri ya kioo. Lakini likipoa hubadili umbo lake la ndani na kupasuka. Linafaa tanuri lisilozimwa miaka na miaka, si la kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni.

Sasa tuchukue karakana ya Bwaise, Kampala, inayoyeyusha aluminiamu chakavu kwa ajili ya sufuria. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo kwa kipimo cha joto karibu tofali lolote lingetosha. Kemia inakataa. Aluminiamu iliyoyeyuka hunyang'anya silika iliyomo kwenye tofali oksijeni yake, ikapenya ukutani na kuota magamba magumu, na magnesi iliyomo kwenye chakavu huchochea jambo hilo. Metali ikigusa ukuta moja kwa moja, panahitajika tofali lenye alumina (oksidi ya aluminiamu) nyingi. Ikikaa ndani ya chungu, ukuta hukutana na miali na majivu ya mkaa tu, na tofali la kawaida la udongo wa kuhimili moto linatosha. Tofali jepesi lenye vinyweleo likae nyuma yake, kupunguza mkaa unaoteketea bure. Likiwekwa mbele litafyonza metali. Je, magnesia, iliyo ghali kuliko tofali la udongo? Bwaise iko bondeni, kando ya kinamasi cha Lubigi, na mafuriko yake yanajulikana Kampala nzima. Magnesia ikipata unyevu huvimba na kumong'onyoka ingali stoo. Hata tofali la udongo, likilowa kisha likawashiwa moto wa ghafla, hupasuliwa na mvuke. Msingi uinuliwe, na moto wa kwanza uwe mdogo.

Fundi atanijibu kwamba udongo wa kichuguu umefanya kazi hiyo tangu zamani. Ni kweli, tena si jambo la kudharau. Ila mara nyingi una chuma na alkali nyingi, husinyaa, na kukandikwa upya kila mara ni kazi iliyosimama. Pingamizi zito zaidi ni la mwenye kiwanda: tofali la nje lina cheti, la hapa halitabiriki. Hapo nakubali nusu. Udongo si tatizo: utafiti wa John Baptist Kirabira wa Makerere, uliokamilika mwaka 2005, ulitumia kaolini ya Mutaka na udongo wa Mukono kutengeneza matofali ya kuhimili moto, na matokeo yalitia moyo. Kaolini safi ikichomwa hubaki na alumina asilimia 46 hivi. Kinachokosekana ni kupima kila shehena, kuchanganya udongo uliokwisha kuchomwa na kusagwa ili kuzuia kusinyaa, na kuchoma kwa joto lisiloyumba. Naziomba maabara zetu na Shirika la Viwango la Taifa zifanye upimaji huo na kuutangaza, kiasi cha alumina na cha chuma vikiandikwa juu ya kila shehena. Fundi wa Bwaise hana maabara, na tofali haliwezi kumweleza kilichomo ndani yake.