Kukompaili Apache kwenye AIX: Tatizo la Maktaba

Mada kwa semina ya wasimamizi wa mifumo ya kompyuta



Barua ya mwaliko ilinitaka nianze na fasili. Apache ni seva ya wavuti ya msimbo huria, ipo tangu 1995. AIX ni Unix ya IBM, ilitoka 1986 na leo huendeshwa kwenye mashine zenye prosesa za POWER. Kukompaili ni kugeuza msimbo alioandika mtu uwe programu ambayo mashine inaweza kuitekeleza. Haya wote mnayajua, tuendelee.

Kwenye Linux kazi hii ni amri tatu: ./configure, make, make install. Kwenye AIX amri ni hizo hizo, na mara nyingi zote hupita salama. Kasheshe huanza unapoiwasha httpd, yaani programu yenyewe ya Apache, ikagoma na kukutolea ujumbe wenye namba za 0509.

Chanzo ni jinsi AIX inavyotunza maktaba za pamoja. Kwenye Linux, faili la .so ni maktaba moja. Kwenye AIX, maktaba kwa kawaida hukaa ndani ya kasha la .a, na kasha moja laweza kubeba vipande vya biti 32 na vya biti 64 kwa pamoja. Programu huandikiwa jina la kasha na jina la kipande. Ikikuta kasha lenye jina sahihi lakini kipande hakimo, haiendi kutafuta kwingine: inafia hapo hapo, kwa namba 0509-152.

Chukueni libiconv.a. Ya IBM iko /usr/lib, na ndani yake mna shr4.o, kipande kinachotegemewa na amri nyingi za mfumo. Ya GNU iko /opt/freeware/lib, jina ni lile lile, lakini ndani mna libiconv.so.2. Fundi anaandika LIBPATH=/opt/freeware/lib, yaani njia ya kutafutia maktaba, ili Apache ione maktaba zake. Apache inawaka, fundi anafurahi, kisha, kama kasha hilo halina shr4.o, amri za kawaida zinaanza kufa moja baada ya nyingine. Ni sawa na kumwita Juma mtaani, akaitika Juma usiyemtaka. Na fundi akiiweka LIBPATH hiyo ndani ya /etc/environment, kila anayeingia kwenye mashine anaukuta msiba huo.

OpenSSL nayo ni hivyo hivyo: moja ya IBM, nyingine ya /opt/freeware. configure inakagua hii, httpd inapakia ile. Ongezeni kwamba OBJECT_MODE, kigezo cha kuchagua biti 32 au 64, isipowekwa, kompaila ya IBM hutengeneza biti 32, na amri ya ar haivitazami vipande vya biti 64.

Makosa kama haya yanafaa kunaswa kwenye majaribio, na hapo suala la utawala linaingia; nitasema kwa tahadhari. Mahali ninapofanyia kazi tumeomba mara nyingi mazingira ya majaribio. Jibu limekuwa bajeti ijayo. Taratibu zina sababu zake, sizipingi. Lakini matokeo yake ni kwamba tunakompaili kwenye seva ile ile inayohudumia wananchi, na hilo, Mwenyekiti, si sawa.

Napendekeza yafuatayo. OBJECT_MODE=64 iwekwe kabla ya configure; ikiwekwa baadaye, futeni kila kitu muanze upya. LIBPATH isitumike kabisa kama suluhisho la kudumu. Njia za maktaba ziandikwe ndani ya programu yenyewe wakati wa kuunganisha, kwa -Wl,-blibpath, na /usr/lib iwemo. Chagueni OpenSSL moja, muitaje waziwazi kwa --with-ssl. Kabla ya kuwasha, kagueni kwa ldd na dump -X64 -H mjue kila kipande kinatoka kasha gani. Mkibadilisha maktaba, endesheni slibclean, maana ile ya zamani huweza kubaki kwenye kumbukumbu. Kila amri iliyotumika iandikwe na kuhifadhiwa, asiyekuwepo leo aikute kesho. Narudia: LIBPATH isiwekwe ndani ya /etc/environment.

La mwisho ni kwa wakurugenzi mliopo. Mashine za POWER zinaweza kugawanywa ndani kwa ndani kuwa seva kadhaa zinazojitegemea. Kama mashine mliyo nayo ina nafasi, sehemu ya kukompailia haihitaji zabuni ya mashine mpya. Tunaomba idhini.